Sauti Inachoma Masikio? Rekebisha Viwango Kabla ya Kununua Kifaa Kingine

Muziki haujafunguliwa sana, lakini baada ya muda mfupi masikio yamechoka na mkono unatafuta rimoti. Wengi hukimbilia kulaumu dijitali, kisha wananunua waya wa bei mbaya. Mimi huanza kwenye viwango vya sauti na chumba, kwa sababu huko ndiko ninakokuta kasoro mara nyingi, na kurekebisha ni bure au karibu na bure. Fuata mpangilio huu, na usibadilishe vitu viwili kwa mpigo.

Hatua ya 1: Chagua wimbo wa kupimia. Uwe unaujua vizuri, wenye mwimbaji aliye mbele na matoazi yanayosikika. Tega sikio kwenye "s" na "sh" za mwimbaji. Jaribu na nyimbo nyingine mbili tatu za wasanii tofauti. Kama ni albamu moja tu inayochoma, basi ilibanwa hivyo studio ili ipige kwa kishindo. Mfumo wako hauna kosa, uache.

Hatua ya 2: Kagua chanzo. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hujulikana kwa matoazi: badala ya kulia yakafifia, yanachuruzika kama maji. Tafuta FLAC (faili lisilotupa chochote cha sauti) au angalau kilobiti 320. Kuigeuza MP3 hiyohiyo kuwa FLAC hakusaidii, kilichotupwa hakirudi. Unayetumia Bluetooth, unganisha kwa waya kwanza ulinganishe.

Hatua ya 3: Shusha viwango. Hapa usiwe na haraka. Katika dijitali, desibeli 0 ndiyo dari. Wimbi likitaka kupita hapo hukatwa kichwa, na ule mkato ndio unaosikika kama mkwaruzo. Tuseme wimbo tayari unagusa dari, nawe kwenye ikwalaiza (sehemu ya kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu) umeongeza besi desibeli 6. Kila ngoma ikipigwa, wimbi linakatwa, na kinachokukera ni ukali, sio besi, kwa hiyo huishuku besi hata kidogo. Dawa yake ni kushusha kiwango cha jumla cha ikwalaiza kwa desibeli 6 zilezile. Hata asiyetumia ikwalaiza ashushe desibeli 3 hivi ndani ya programu, kwa kuwa kilele cha wimbi kinaweza kuvuka dari faili la MP3 linapofunguliwa. Zima pia "viboreshaji" vyote vya sauti kwenye kompyuta na simu. Sijakutana na kimoja kilichopunguza ukali.

Kisha njoo kwenye amplifaya. CD pleya na DAC (kifaa kinachogeuza dijitali kuwa mawimbi ya sauti) nyingi hutoa takribani volti 2, wakati amplifaya nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mawimbi madogo zaidi ya hapo. Dalili ni kwamba ukigusa tu kitufe cha sauti, chumba kimejaa. Shusha sauti ya DAC kama inaruhusu, au weka vipunguza mawimbi vya desibeli 10 kwenye plagi za RCA. Na hakikisha hujachomeka kwenye tundu la santuri! Tundu hilo linategemea milivolti chache tu.

Kinyume chake pia kipo: amplifaya ndogo inayolazimishwa kupiga kwa nguvu hukata vilele vyake yenyewe. Ukipunguza kidogo na ukali ukatoweka ghafla, umeipata.

Hatua ya 4: Geuza spika. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ikikutazama usoni, sauti za juu hukufikia zote. Zigeuze spika kidogo kidogo mpaka mistari ya kufikirika inayotoka mbele ya kila spika ikutane nyuma ya kichwa chako. Halafu keti mahali pako, mwenzako atembeze kioo ukutani. Pale unapoiona twita ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda kuja kwako. Weka hapo rafu ya vitabu au pazia zito, na zulia nene sakafuni. Pazia jepesi halifanyi kazi ya maana.

Hatua ya 5: Ikwalaiza, mwisho kabisa. Sikio ni jepesi zaidi kati ya kilohezi 2 na 5 (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Punguza desibeli 2 kwenye kilohezi 3, kwa upana wa wastani. Kama kero ni "s" peke yake, shughulika na kilohezi 6 hadi 8. Ukishapunguza, pandisha sauti ifikie ilipokuwa ndipo ulinganishe, maana sauti ndogo siku zote huonekana laini.

Kama upande mmoja tu ndio bado unachoma, zima amplifaya, kisha badilishana nyaya za spika za kushoto na kulia nyuma yake. Ukali ukihamia spika ya pili, chanzo ni amplifaya au kilicho kabla yake. Ukibaki palepale, sogeza sikio kwenye twita ya spika hiyo, sauti ikiwa chini, na uilinganishe na mwenzake.