Kamati ya maafa ya mtaa wako: jinsi ya kuiamsha kabla ziwa halijapanda tena

Wadau wa Mwanza, hasa nyie mnaokaa Igogo, Kirumba, Mabatini, Igombe mpaka kule Luchelele, hii ni yenu. 2020 Ziwa Victoria lilipanda likafikia rekodi ya 1964, wengi tukasema basi imeisha hiyo, 2024 likapanda kupita pale. Sasa kusubiri mpaka maji yaingie sebuleni ndo tuanze kumtafuta mwenyekiti, hapana aisee.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji na mtaa. Yaani mtaani kwako kamati inatakiwa iwepo. Nenda ofisi ya mtaa, msalimie mtendaji vizuri, usiende kishari, muulize wajumbe wa kamati ya maafa ni akina nani na walikaa lini mara ya mwisho. Wakianza kutazamana ujue hakuna kitu, omba iwekwe kama ajenda kwenye mkutano wa wananchi unaofuata, na uwapange majirani waje, maana mkutano wa watu nane hauna nguvu.

Kwenye kuchagua wajumbe ndo pa kuwa makini. Tuna tabia ya kurudisha walewale, mjumbe wa shule ndo wa zahanati ndo wa harusi. Tafuteni mwenye mtumbwi na mashine, mtu wa BMU (kikundi cha wavuvi na wananchi kinachosimamia ufukwe) ya mwalo wenu, pale mitumbwi inapoegesha, mama anayeanika dagaa (huyo anajua kila kinachotokea ufukweni kuliko polisi), bodaboda, nesi, na mtu mwenye ulemavu ambaye atawaambia ukweli kama hiyo njia yenu ya kukimbilia inapitika. Ile ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao, na kati ya watu 43 waliokuwemo 24 walipona. Waokoaji tunao tayari, ila hatuwaiti kwenye vikao.

Kinachofuata ni kutembea mtaa mzima kwa miguu, mkiwa na daftari. Mwanza ni mawe na vilima, mvua ikipiga nusu saa tu maji yanateremka makorongoni kwa kasi na yakifika mto Mirongo hayaulizi. Andikeni nyumba zipi maji huingia, mzee gani anaishi peke yake, choo gani kiko karibu na kisima (kipindupindu huwa kinaanzia hapo), mtaro upi umeziba kwa chupa za plastiki, na jengo lipi la juu watu watakimbilia, iwe shule, kanisa au msikiti. Funguo anazo nani? Hilo swali dogo ila saa nane usiku ndo swali lenyewe.

Taarifa za hali ya hewa sasa. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wanatoa kwa ngazi, kuna angalizo, tahadhari, halafu tahadhari kubwa, kwa hiyo kamati ikubaliane mapema kila ngazi inamaanisha mnafanya nini, sio kuforwadi tu kwenye grupu la WhatsApp na emoji ya kulia. Halafu kumbukeni dhoruba za ziwani hupenda usiku na alfajiri, kwa sababu usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, pepo za pande zote zinakutana katikati ya ziwa mawingu yanapanda, na muda huohuo wavuvi wa dagaa wako huko na taa zao. Taarifa ikifika saa tatu usiku haina maana, watu wameshatoka. Ifike mwaloni jioni kabla mashine hazijawashwa, mtu mmoja apewe hiyo kazi, apandishe bendera inayoonekana, na kwa wasio na bando au wenye simu za kitochi tumieni spika za msikiti na filimbi.

Upande wa sera usiogope neno lenyewe. Kama uko kijijini, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, mfano hakuna mtumbwi kutoka bila maboya ya kuvaa, ikipitishwa na mkutano mkuu inaenda kata halafu halmashauri ya wilaya. Mtaa hauna hayo mamlaka, mnapitia kwa diwani na kamati ya maendeleo ya kata. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, ukipeleka ombi Mei umechelewa, peleka kabla ya Krismasi. Na usiandike "tunaomba serikali itusaidie", andika kalavati la mahali fulani, picha hizi, nyumba hizi zinaathirika, muhtasari wa mkutano umegongwa muhuri, nakala baki nayo.

Kuna ishu ya mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Binafsi naiunga mkono, ila isiwe inamkumba mama genge halafu ukuta wa mwenye hela unabaki. Kamati ipime kote, iandike kote.

Hela, changeni kidogo, akaunti iwe na watia saini zaidi ya mmoja, isikae kwenye simu ya mweka hazina. Nunueni kamba, maboya, tochi, dawa ya kutibu maji na machepeo, mitaro izibuliwe Septemba kabla ya vuli. Namba ya zimamoto ni 114, ibandikeni mwaloni na dukani, na chini yake namba za wenye mitumbwi watatu wa karibu, mkizipiga kila baada ya miezi michache kuhakikisha bado zinapatikana maana watu wanabadilisha laini sana.