Kumfundisha mgeni saa ya Kiswahili asikose basi

Ukimwambia mgeni kwamba basi la Dar es Salaam linatoka Moshi saa 12 asubuhi, kichwani mwake ni adhuhuri. Atafika stendi basi limeshapita Korogwe. Na hakusikia vibaya: "kumi na mbili" kwa Kiingereza ni "twelve" kweli. Tofauti iko mahali pa kuanzia kuhesabu. Kiingereza huanza katikati ya usiku, Kiswahili huanza na kucha na kuchwa. Huku karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo hesabu yetu haiyumbi. Mweleze hilo kwanza, maana bila sababu ataona ni fumbo tu la kukariri.

Kisha chukua saa ya mishale. Mwambie asome namba iliyo mkabala na ile anayoisikia: mkabala na 2 ni 8, mkabala na 9 ni 3, mkabala na 12 ni 6. Asiye na saa ya mishale afanye hesabu: kuanzia saa 1 hadi 6 ajumlishe 6, kuanzia saa 7 hadi 12 atoe 6. Dakika haziguswi. Saa 2 na nusu ni 8:30. Kasorobo ndiyo huwapoteza wengi, kwa kuwa hupunguzwa kwenye saa inayokuja: saa 2 kasorobo ni 7:45, wala si 8:45.

Namba peke yake haitoshi. Lazima iandamane na kipindi cha siku. Alfajiri na asubuhi ni "am". Alasiri na jioni ni "pm". Mchana una utata kidogo, kwani wapo wanaoita saa 5 mchana na wapo wanaoiita asubuhi, ila saa yenyewe ni ileile, 11 am. Mtego mkubwa ni neno usiku. Saa 1 usiku hadi saa 5 usiku ni "pm", kuanzia saa 6 usiku ni "am", na kwa Kiingereza tarehe imeshabadilika.

Kwa wanaopandisha wageni Kilimanjaro hili si dogo, kwa sababu safari ya mwisho kuelekea Uhuru, mita 5,895, mara nyingi huanza kati ya saa 5 na saa 6 usiku. Ukisema "Alhamisi saa 6 usiku", mmoja ataelewa usiku wa kuamkia Alhamisi, mwingine wa kuamkia Ijumaa. Tumia "kuamkia" kila mara, na umfundishe mgeni neno hilo, kwani Kiingereza hakina neno moja la kulibeba. Kisha mpangie kwa matukio: Alhamisi tunakula chakula cha jioni, tunalala, tunaamshwa saa 5 usiku, yaani 11 pm.

Njiani kuna utata mwingine. "Saa tatu" ni 9:00, na pia ni muda wa "three hours". Mgeni akiuliza kambi iko mbali kiasi gani, jibu "mwendo wa saa tatu". Mtaani atasikia "masaa matatu". Walimu wa sarufi hawalipendi, lakini linatenganisha muda na wakati, basi alijue. Ajue pia kwamba "saa hizi" ni "now", "saa nyingine" ni "sometimes", na kifaa cha mkononi nacho ni saa. "Kesho kutwa" alisikilize hadi mwisho. Akidaka "kesho" pekee atakuja siku moja mapema.

Kabla hamjaachana, usimuulize kama ameelewa, kwani atasema ndiyo. Muulize: "Kesho tunakutana saa ngapi?" Ajibu kwa Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, kisha akuoneshe saa hiyohiyo kwa kidole kwenye simu yake, mahali pa kutegea kengele.