Oświęcim na Auschwitz: namna ya kuupata mji kwenye ramani na kuutaja ipasavyo

Anza na kanuni moja, maana makosa mengi huzaliwa pale inaposahaulika: Oświęcim ni mji, Auschwitz ni kambi. Mji huo, ulio kusini mwa Poland, upo tangu Zama za Kati, na hadi leo watu wanazaliwa humo, wanasoma, wanaoa na kuzikwa. Kambi iliendeshwa na Wanazi wa Ujerumani kuanzia 1940 hadi Januari 1945, na ndani yake waliuawa watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni moja wakiwa Wayahudi. Waliobaki walikuwa Wapolandi, Waroma (jamii ya Ulaya, si watu wa mji wa Roma), mateka wa kivita wa Kisovieti na wengine. Ukiandika "wakazi wa Auschwitz" ukimaanisha watu wa mjini leo, umewapa anwani ya kambi.

Kutamka na kuchapa

Jina la Kipolandi hutamkwa karibu na "Oshvyenchim", mkazo ukiwa kwenye "vyen". Herufi ś ni kama "sh" laini, ę hapa husikika "en", na "ci" ni "chi". Jina la Kijerumani ni "Aushvits", kwa sababu w ya Kijerumani ni v yetu. Kwenye simu, bonyeza s au e kwa muda hadi herufi zenye alama zijitokeze. Zisipotokea, andika Oswiecim; programu za ramani huitambua bila shida.

Ukikutana na "Oświęcimiu" au "Oświęcimia", usidhani ni miji mingine. Kipolandi hubadilisha mwisho wa jina kulingana na kazi yake katika sentensi, kama sisi tunavyotoa "mji" tukapata "mjini". Kwa hiyo "w Oświęcimiu" ni "huko Oświęcim" tu.

Kuweka alama kwenye ramani

Tafuta Kraków, kisha elekea magharibi kiasi cha kilomita 50. Utaona mto Soła ukiingia mto Wisła, ambao ramani nyingi huuita Vistula. Mji uko karibu na makutano hayo. Kitovu chake cha kale kiko ukingo wa mashariki wa Soła. Kambi ya kwanza iko ukingo wa magharibi, mtaa wa Zasole, jina lenye maana ya "ng'ambo ya Soła".

Kambi haikuwa mahali pamoja, na hapa ndipo wengi hupotea. Mnamo Novemba 1943 Wajerumani waliigawa katika sehemu kuu tatu:

Auschwitz I, iliyowekwa kwenye kambi ya zamani ya jeshi la Poland. Weka 50.027, 19.203. Tarehe 14 Juni 1940 waliletwa hapo wafungwa wa kisiasa 728 wa Kipolandi kutoka Tarnów.

Auschwitz II-Birkenau, umbali wa kilomita 3 hivi, katika kijiji cha Brzezinka. Weka 50.034, 19.181, ufike kwenye lango ambalo reli hupita chini yake. Ujenzi ulianza Oktoba 1941. Hapa ndipo watu wengi zaidi waliuawa kwa gesi. Majina yote mawili, la Kijerumani na la Kipolandi, yametokana na mti mmoja wa nchi za baridi wenye gome jeupe. Brzezinka haimo katika mipaka ya mji. Ni kijiji cha wilaya ya vijijini inayouzunguka mji na kuitwa kwa jina lilelile.

Auschwitz III-Monowitz, mashariki ya mji, palipokuwa na kijiji cha Monowice. Ilifunguliwa Oktoba 1942 ili wafungwa wakitumikie kiwanda cha IG Farben, kampuni ya kemikali ya Ujerumani. Mwishoni mwa Novemba 1944 iliitwa KL Monowitz (KL ni kifupi cha Kijerumani cha kambi ya mateso), kwa hiyo karatasi za wiki za mwisho hazina neno Auschwitz. Kulikuwa pia na kambi ndogo zaidi ya 40 zilizotawanyika katika eneo kubwa.

Angalia mambo matatu kabla ya kuamini alama yako. Kwanza, usigeuze namba: latitudo (50) hutangulia. Ukizigeuza utatua kwenye jangwa la Rub' al-Khali, Arabuni. Pili, ukiandika "Birkenau" peke yake unaweza kupelekwa kwenye mji mdogo wa jina hilo katika jimbo la Hesse, Ujerumani. Tatu, Brzezinka ziko nyingi Poland, na mojawapo ni sehemu ya mji wa Mysłowice, karibu kiasi cha kukudanganya. Andika daima "Brzezinka, Oświęcim".

Kusoma nyaraka za zamani

Neno Auschwitz halikubuniwa na Wanazi. Ni jina la Kijerumani la tangu zamani, na lilitumika rasmi pia mji ulipokuwa chini ya Austria, kuanzia mgawanyo wa Poland wa 1772 hadi 1918. Mfalme wa Austria alijiita, miongoni mwa vyeo vyake vingi, Duki wa Auschwitz. Hivyo cheti cha kuzaliwa cha 1890 kinachosema "Auschwitz, Galizien" kinataja mji, hakina uhusiano na kambi, wala hiyo Galizien, yaani jimbo la Austria lililoitwa Galicia, si Galicia ya Hispania.

Kwa hiyo tazama mwaka kwanza, ndipo usome jina. Kati ya 1772 na 1918, tafuta chini ya Galicia na Austria. Kati ya 1918 na 1939, ni Oświęcim, Poland. Kati ya 1939 na 1945, mji ulimezwa moja kwa moja na Ujerumani, haukuwekwa katika eneo la Poland lililotawaliwa kutoka Krakau, jina la Kijerumani la Kraków. Tafuta wilaya ya Bielitz, mkoa wa Kattowitz. Kuanzia 1975 hadi 1998 ulikuwa mkoa wa Bielsko, na tangu 1999 uko Małopolska.

Ukitafuta familia ya Kiyahudi, ongeza Oshpitzin, jina la mji kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambalo tahajia yake hubadilika sana. Kabla ya vita Wayahudi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi. Mtafiti anayeacha jina hili huwaacha nje wenyeji wenyewe.

Maneno ya Kiswahili

"Kambi" peke yake haitoshi. Wakati wa vita hiyohiyo maelfu ya Wapolandi walihifadhiwa Tengeru karibu na Arusha, na pia Masindi na Koja huko Uganda. Hizo zilikuwa kambi za wakimbizi. Andika "kambi ya mateso" kwa mahali pa kufungia na kutumikisha watu, na "kambi ya maangamizi" kwa mahali palipojengwa ili kuua. Auschwitz ilikuwa vyote viwili.

Usiandike "kambi ya Poland". Msomaji ataelewa kuwa Wapolandi ndio walioiendesha. Ni kwa sababu hiyo Poland iliomba, na mwaka 2007 UNESCO ikabadilisha jina kwenye orodha ya urithi wa dunia liwataje wazi Wanazi wa Ujerumani. Sentensi salama ni hii: "kambi ya Wanazi wa Ujerumani ya Auschwitz, katika Poland iliyokaliwa."

Ukienda mwenyewe

Tiketi ya treni huandikwa Oświęcim. Ukimwomba karani kituo cha Auschwitz, hakipo. Stesheni iko upande uleule wa mto wenye kambi, mwendo wa karibu kilomita 2 hadi Auschwitz I. Kiingilio ni bure, lakini lazima uweke nafasi mapema kwa jina lako kwenye tovuti ya makumbusho, na jina lilingane na kitambulisho. Kiongozi hulipiwa. Tenga angalau saa moja na nusu kwa kila sehemu. Basi la bure huunganisha Auschwitz I na Birkenau.

Ukimaliza, vuka daraja la Soła uingie mjini. Utakuta sinagogi moja iliyosalimika vita, na jumba la makumbusho la Wayahudi wa Oshpitzin.