Ukicheza demo, usikimbilie hadithi

Demo, yaani kipande cha gemu cha kujaribu kabla ya kununua, ikishapakuliwa, anza na mipangilio. Pandisha ubora wa picha, ushushe, kisha jitose penye vurugu, maadui wengi na milipuko, uone kama kompyuta yako inakwamakwama. Trela haikuonyeshi hilo, maana haikurekodiwa kwenye mashine yako. Halafu sikilizia mkono: ukibonyeza kuruka, mhusika anaruka papo hapo au anajishauri kwanza? Uzito wa namna hiyo mara nyingi unabaki hata kwenye gemu kamili. Uzuri wa picha mimi huuweka mwisho kabisa, kwa sababu sehemu ya mwanzo ndiyo hupigwa msasa zaidi.

Angalia pia kama ulipofikia panahamia kwenye gemu kamili. Demo ya Final Fantasy XVI, iliyotoka 2023, iliruhusu hivyo, kwa hiyo aliyenunua hakurudia mwanzo.

Na gemu isiyo na demo? Kwa kawaida Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi umecheza chini ya saa 2.