SOMO: Mtoto aghani shairi lote bila kupotea kwenye kituo

Mtoto aghani vipi shairi lote bila kupotea kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti? Swali hili nimelijibu hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika lote hapa. Niko Uyole, Mbeya. Wanangu wawili nimewafundishia jikoni, jioni, jiko likiwaka.

1. Chagua shairi la beti nne au tano. Mghanie wewe kwanza, yeye asikilize.

2. Mweleze maneno magumu.

3. Pigeni mizani, yaani hesabu ya silabi, kwa makofi. Mshororo huu nimeutunga mwenyewe: "Baridi imeshafika, mama niwashie jiko." Makofi manane, pumzi, makofi manane. Akiruka silabi, kofi linabaki bila neno naye anajisikia mwenyewe.

4. Ubeti mmoja kwa siku.

5. Maungio, yaani pale ubeti mmoja unapoishia na mwingine kuanza. Hapa ndipo nilipoharibu. Binti yangu alijua kila ubeti ukimwuliza mmojammoja. Alipoghani mbele ya babu yake, alimaliza ubeti wa pili, akasema kituo, akaingia wa nne. Mwisho wa wa nne akakutana na kituo kilekile, akarudi wa tatu, kisha wa nne tena. Akasimama, ameshika pindo la sweta, machozi yanamtoka. Kosa lilikuwa langu. Kituo kikijirudia kila ubeti, hakimwonyeshi mtoto aelekee wapi. Siku hizi nafundisha kituo pamoja na maneno matatu ya kwanza ya ubeti unaofuata, kama kipande kimoja, mpaka kitoke kwa pumzi moja.
ANGALIZO: Usimtajie "sasa wa tatu!", atazoea kukungoja. Wala usimkatize katikati ya mshororo; subiri afike kituo.

6. Asubuhi arudie mara moja, bila daftari.

MASWALI

– Mahafali Jumamosi, beti nane, hajaanza. Nifanyeje?
– Hatua ya 4, ndugu yangu. Mpe beti mbili azighani vizuri.

– Wangu hashiki kabisa, labda hana kipaji.
– Umepiga naye makofi? Maungio je? Hujasema. Mtoto usimhukumu kabla hujamfundisha.

– Dada, "mbuzi" tunapiga makofi mawili, mbona "mtoto" matatu?
– Swali zuri sana! Kwenye "mbuzi", m imeshikana na b: mbu-zi. Kwenye "mtoto" inasimama peke yake: m-to-to. Sasa msikilize mbu anayeuma: m-bu, mawili, maana mkazo unaangukia m. Hata "nchi" ni n-chi. Mwache mwanao ayatafute mwenyewe, atafurahi.

– Huku Tukuyu wangu anasema "kalamu" hata akimaanisha karamu.
– Tafuta shairi lenye kina (silabi za mwisho zinazofanana) cha -ra. Akisema -la, sikio lake litakataa. Polepole, na asichekwe.

– Sisi Makambako tunatumia punje za mahindi kwenye ungo, kila silabi punje moja. Mikono haiumi.
– Asante mama, naijaribu leo. Katikati mnaacha nafasi ya pumzi?
– Ndiyo, upana wa kidole.