Kuongoza Abiria Chombo Kinapopata Dharura: Hatua kwa Hatua kwa Mabaharia wa Meli na Vivuko

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mabaharia na wahudumu wa meli, boti za mwendo kasi na vivuko vinavyochukua abiria, iwe ni kati ya Unguja na Pemba, kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, au katika Ziwa Victoria. Hauchukui nafasi ya mafunzo ya kuongoza umati yanayotakiwa na Kanuni ya V/2 ya Mkataba wa STCW, yaani mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia. Unaeleza namna ya kuyatumia mafunzo hayo ukiwa umesimama mbele ya mamia ya watu, baadhi yao wamelala na wengine wanatapika. Jambo moja lazima likumbukwe katika kila hatua: abiria ni shehena pekee isiyofungwa kwa minyororo. Uzito wake hutembea wenyewe, na huelekea kule inakosikika habari au unakoonekana msaada. Kwa hiyo unaokoa watu na kulinda ulinganifu wa chombo kwa wakati mmoja, na katika vyombo vidogo vya kwetu ulinganifu ukipotea hakuna muda wa kuokoa mtu.

Hatua ya 1: Jua umebeba nani kabla kamba hazijafunguliwa

Wahesabuji wawe wawili, kila mmoja na kidude chake cha kuhesabia, wasimame sehemu mbili tofauti za njia ya kupandia. Wakitofautiana, hesabu irudiwe. Usikubali kuambiwa kwamba tiketi zilizouzwa ndiyo idadi, kwa sababu tiketi haimwonyeshi mtoto wa mkononi, wala mpagazi aliyepanda na gunia akashindwa kushuka, wala jamaa wa baharia aliyeingia kwa salamu. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, kulikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili, lakini wa daraja la tatu hawakuandikwa popote, na ndiyo maana hadi leo idadi ya waliofariki hutajwa kwa makadirio.

Mbali na jumla, andika watoto ni wangapi, nani ni mjamzito, nani haoni au hasikii, nani anatembelea kiti cha magurudumu, na kila mmoja wao ameketi wapi. Kwa meli za safari za kimataifa, Mkataba wa SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka majaketi okozi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zaidi ikihitajika ili kila mtoto apate lake. Hata kama chombo chako ni cha safari za ndani, anza na kipimo hicho, kisha ongeza wakati wa likizo za shule na sikukuu.

Ikiwa idadi imepita uwezo wa chombo, mwongozo huu hauna la kukusaidia. MV Nyerere, iliyopinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, iliruhusiwa kubeba watu 101, na waliofariki peke yao walizidi 220. Hakuna mbinu ya kuongoza umati inayofidia zidio la namna hiyo. Mweleze nahodha idadi halisi mbele ya shahidi, na uiandike.

Hatua ya 2: Gawaneni chombo

Kila baharia awe na eneo lake analolijua kwa macho na kwa mikono: milango, ngazi, kabati za majaketi, swichi ya taa ya dharura. Katika kila ngazi apangwe mtu mmoja ambaye hatoki hapo kwa sababu yoyote hadi eneo la chini liwe tupu. Wahudumu wanaouza vinywaji nao wapewe maeneo, kwani abiria wamewaona safari nzima na watawasikiliza wao kabla ya kumsikiliza fundi wa injini.

Hatua ya 3: Toa maelezo chombo kikiwa bado gatini

Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walifariki, na mamia ya abiria waliopanda siku ile ile walikuwa hawajafanyiwa zoezi lolote la dharura. Kanuni ikabadilishwa, na tangu mwaka 2015 zoezi kwa abiria wapya wa safari ndefu za kimataifa hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Katika safari zetu za saa chache zoezi kamili si rahisi, lakini kuweka video kwenye televisheni wakati watu wanagombea viti na kupanga mizigo ni sawa na kutofanya kitu. Subiri wakae. Simama katikati ya ukumbi, vaa jaketi polepole ukieleza, kisha onyesha kwa mkono milango yote miwili, wa omo (mbele) na wa tezi (nyuma), kwa sababu binadamu hukimbilia mlango alioingilia hata kama mwingine uko karibu naye zaidi.

Wakati huo huo chagua wasaidizi. Mwendee mtu mzima mwenye utulivu, umwambie: “Kaka, likitokea lolote nitakuomba umsaidie bibi huyu.” Aliyekwisha kupewa kazi huwa mara chache anakurupuka.

Hatua ya 4: Sema mapema, na useme kitu cha kufanya

Wengi hudhani kwamba dharura ikitokea abiria hupiga mayowe na kukanyagana papo hapo. Mara nyingi dakika za kwanza huwa kinyume chake: watu huduwaa, hutazamana, huulizana, humtafuta mtoto aliyekwenda msalani, hurudia begi. Vurugu huja baadaye, pale wanapoona maji au moshi na hawajaambiwa neno na yeyote. Muda huo wa kuduwaa ndio muda wako, na ukimya wa daraja la nahodha, yaani chumba cha kuongozea meli, ndio unaoupoteza.

King'ora cha dharura ni milio mifupi saba au zaidi ikifuatiwa na mmoja mrefu, lakini abiria wengi hawajui maana yake, kwa hiyo tangazo lifuate mara moja. Mfano wake ni huu:

“Ndugu abiria, anayezungumza ni afisa wa meli. Maji yameingia sehemu ya injini na mafundi wanayapiga pampu. Kila mmoja abaki alipo, aketi, na avae jaketi lake sasa. Wahudumu wanapita kusaidia. Mizigo iacheni. Nitazungumza nanyi tena baada ya dakika tatu.”

Tangazo hilo linamtaja msemaji, linasema ukweli bila kuupamba, linatoa agizo lenye kitendo, na linaahidi muda. Ahadi hiyo itimizwe hata kama huna jipya la kusema. Epuka sentensi ya “msiwe na hofu”, ambayo haimpi mtu kazi yoyote ya mikono na humwambia tu kwamba kuna jambo la kuogopa. Usiseme “hakuna tatizo” kwa watu wanaoona sakafu imeinama. Baada ya hapo hawatakuamini tena, hata utakapowaambia njia ya kutokea. Umeme ukikatika, tumia kipaza sauti cha mkononi, na ambapo hakipo, baharia wa kila eneo arudie maneno yale yale, kwani matangazo mawili yanayopingana huwagawa watu vibaya kuliko kutotangaza kabisa.

Hatua ya 5: Wahamishe bila kuwajaza upande mmoja

Hapa ndipo vyombo vidogo hupotea. Ikiwa chombo kimelalia kulia, abiria hukimbilia kushoto wakiamini wanakisawazisha, au hujazana upande wenye nchi kavu, na chombo kinarudi kwa kishindo kikipita kati. Mwaka 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa kikiwa mita chache tu kutoka ufukweni, na watu 272 walifariki. Ufukwe kuwa karibu si usalama; huenda ukawa ndio unaowavuta watu upande mmoja.

Watoe kwa safu, viti vya kushoto na vya kulia kwa zamu, makundi madogo ambayo macho yako yanaweza kuyamaliza. Sema “safu hii, simameni” ukiigusa, kwani amri ya jumla ya “tokeni nje” huwainua wote kwa pamoja. Usiwapandishe sitaha ya juu kabla nahodha hajaamua. Kila anayepanda anaupeleka uzito juu, na chombo kilichoingiza maji hakiwezi kuubeba kama kilivyoubeba asubuhi.

Kwa upande mwingine, ngazi zina muda wake. MV Estonia ilipozama katika Bahari ya Baltiki usiku wa tarehe 28 Septemba 1994, watu 852 walifariki, wengi wakiwa ndani, kwa kuwa ulalo, yaani kuinama kwa meli upande mmoja, ulizidi haraka mno hata ngazi na korido zikawa hazipitiki. Kwa sababu hiyo baharia wa eneo lazima ampe nahodha taarifa fupi zenye vipimo: “Kapteni, ulalo ni digrii kumi na unaongezeka, abiria wa chini wameshavaa majaketi, naomba ruhusa niwatoe nje.” Nahodha hawezi kuamua juu ya ukumbi asiouona.

Kukiwa na moshi, wainame, mmoja amshike mwenzake bega, na baharia atangulie akigusa ukuta.

Hatua ya 6: Gawa majaketi kwa mkono

Usirushe majaketi juu ya vichwa vya watu. Yatagombaniwa, na wenye nguvu watashika mawili. Anza na safu iliyo mbali zaidi na kabati. Kwa mtoto, mkanda wa kupita katikati ya miguu ufungwe, la sivyo jaketi litabaki juu ya maji na mtoto atateleza chini yake. Mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa mbeleko asivae jaketi juu ya wote wawili. Mwambie, “Mama, mshushe mtoto, mlete mbele,” mtoto avalishwe lake kwanza huku wewe umemshika, ndipo mama avae la kwake. Buibui au gauni refu lisibanwe miguuni. Likunjwe na kuchomekwa ili aweze kupanda ngazi. Majaketi ya kujazwa upepo hayajazwi ndani ya ukumbi, kwa sababu maji yakiingia yatamning'iniza mvaaji kwenye dari.

Hatua ya 7: Hesabu tena, kisha tafuta

Hesabu kituoni, yaani mahali pa kukusanyikia wakati wa dharura, na ulinganishe na ile ya gatini. Wanaopungua watafutwe na mabaharia wawili wawili, vyooni na sehemu za kulala kwanza, na kila chumba kilichokaguliwa kiwekwe alama mlangoni. Jamaa wasiruhusiwe kurudi kutafuta. Waulize jina na mavazi ya anayetafutwa, ukawape watafutaji.

Hatua ya 8: Kuacha chombo

Amri ya kuacha chombo ni ya nahodha. Hata hivyo, “bakini mlipo” ni agizo linaloharibika haraka. Katika meli ya Sewol, Korea Kusini, tarehe 16 Aprili 2014, abiria waliambiwa mara kwa mara wasiondoke walipo huku meli ikizidi kulala, na watu 304 walifariki, wengi wao wanafunzi. Agizo la kukaa lipitiwe upya kila baada ya dakika chache, na ulalo ukizidi, wenye majaketi wawe tayari karibu na milango ya nje.

Wapakie kwenye mashua na vyelezo vya kuokolea wakiwa wakavu kila inapowezekana. Anayelazimika kuruka avue viatu vyenye visigino, atazame kama chini yake kuna mtu, azibe pua kwa mkono mmoja, mkono wa pili ulishike jaketi kwa nguvu lisipande shingoni, kisha apige hatua mbele miguu ikiwa imekutana, na asichupe kwa kichwa.

Chombo cha uokozi kinapokaribia, iwe ni boti ya KMKM (kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo) au mashua ya wavuvi, tangaza kabla hakijafika kwamba kila mtu abaki ameketi. Mwombe nahodha wake apokee kamba kwanza, kisha wapelekwe watu wachache wachache kutoka katikati ya sitaha. Anayevuka atajwe jina na aandikwe amepanda chombo gani. Mkifika nchi kavu, mpe afisa wa bandari nakala ya orodha kabla hujawajibu jamaa wanaosubiri getini.