Kulinganisha maisha ya Hawaii na Peru

Mwanafunzi wangu akianza na pato kwa dola, namrudishia karatasi. Hapo Hawaii, jimbo la Marekani, inashinda kabla hujakaa kitini.

Anza na kinachobaki mfukoni baada ya kodi ya nyumba na chakula. Hawaii vyakula vingi huja kwa meli, na sheria ya 1920, Jones Act, hudai mizigo baina ya bandari za Marekani ibebwe na meli zilizoundwa Marekani, ambazo ni ghali. Gharama huwasukuma watu kuhama: sensa ya 2020 ilikuta Wahawaii wa asili wengi wakiishi nje ya visiwa vyao kuliko ndani.

Peru, wafanyakazi wapatao 7 kati ya 10 wako kwenye ajira isiyo rasmi, kwa hiyo INEI, ofisi ya takwimu ya nchi hiyo, hupima umaskini kwa matumizi ya kaya. Marekani hutumia kipato. Usivichanganye kwenye jedwali moja, nakusihi!

Uliza pia ardhi. Tangu 1921, mwenye angalau nusu ya damu ya Kihawaii anastahili kukodi kiwanja kwa dola 1 kwa mwaka, kwa miaka 99. Foleni ni ndefu, wengine hufa wakingoja.

Mwisho, mshikamano. Vilimani Lima akina mama huchanga na kupika sufuria moja, *olla común*. Pato la taifa haliioni. Wewe iandikie safu yake.